Mtungi hukaguliwa, geji husahaulika: Hatari iliyojificha katika karakana za kuchomelea

MITUNGI miwili mirefu iliyosimama kando ya fundi anayekata chuma ni jambo la kawaida mno katika miji ya Afrika Mashariki, kiasi kwamba wapita njia hawaitupii macho mara ya pili. Ipo Gerezani na Buguruni jijini Dar es Salaam, ipo Gikomba na katika Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi, na ipo karibu kila mahali ambapo fundi bodi ananyoosha milango ya magari yaliyogongwa.

Mara nyingi karakana hizo zimepakana na maduka, vibanda vya mama lishe na vituo vya mabasi. Kwa sababu hiyo, namna fundi anavyoitunza mitungi yake si shauri lake peke yake. Ni shauri pia la jirani anayekaanga chipsi hatua kumi kutoka hapo, na la abiria anayesubiri basi akiwa ameegemea ukuta wa karakana.

Watu wengi huamini kuwa hatari yote imo ndani ya mtungi. Imani hiyo ina ukweli wake, lakini inaficha jambo la msingi. Chuma cha mtungi ni kinene na imara, na kwa kawaida mtungi ni mali ya kampuni inayojaza gesi. Fundi huukodi au huweka amana. Kila unaporudishwa kujazwa, unapita mikononi mwa watu wenye kazi ya kuutazama. Aidha, baada ya muda maalumu, ambao mara nyingi ni miaka 5 au 10 kutegemea nchi na aina ya mtungi, hupimwa upya na tarehe ya kipimo hicho hugongwa begani mwake.

Geji, mipira ya kupitishia gesi na tochi ya kuchomelea ni mali ya fundi mwenyewe. Vitu hivi havirudi kokote. Vinaweza kutumika kwa miaka kumi na mitano bila kuguswa na mtu mwingine yeyote isipokuwa yule anayevitumia kila siku, ambaye kwa mazoea huenda haoni tena kasoro zake.

Ili kuelewa uzito wa jambo hili, ni vyema kwanza kufahamu kilichomo ndani ya mitungi hiyo miwili, kwa kuwa haifanani hata kidogo.

Mtungi wa kwanza ni wa oksijeni. Mtungi wa lita 50 uliojazwa hadi shinikizo la bar 200 unabeba gesi ambayo, ikiachiwa huru, ingejaza nafasi ya lita 10,000 hivi. Shinikizo hilo ni karibu mara tisini ya upepo uliomo katika tairi la gari dogo.

Biashara ya gesi hii si ngeni nchini Tanzania. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilipoanza kazi mwaka 1998, kampuni ya kwanza kuorodheshwa ilikuwa mtengenezaji wa oksijeni, Tanzania Oxygen Limited, ambayo baadaye ilijulikana kama TOL Gases.

Mtungi wa pili ni wa asetilini, gesi ambayo ikichanganywa na oksijeni hutoa mwali wenye joto la zaidi ya nyuzi 3,000 za Selsiasi. Shinikizo lake ni dogo, bar 15 hadi 17 tu mtungi unapojaa, lakini tabia yake ni ya ukorofi. Asetilini iliyo huru ikibanwa kupita kiasi huweza kujivunjavunja yenyewe na kulipuka, hata pasipo kuwa na hewa wala oksijeni ndani yake.

Kwa sababu hiyo, mtungi wa asetilini hauko mtupu ndani kama ule wa oksijeni. Umejazwa kitu kigumu chenye vitundu vidogo vidogo mithili ya sifongo, na ndani ya vitundu hivyo mna kimiminika kiitwacho asetoni. Gesi huyeyushwa humo, kama ilivyo gesi ya soda ndani ya chupa. Ujuzi huo ulianza Ufaransa katika miaka ya 1890.

Mmoja wa watu waliouendeleza, Msweden Gustaf Dalén, alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1912 kwa kazi iliyohusu mitungi ya asetilini na taa za minara ya kuongozea meli. Mwaka huo huo alipofuka macho katika mlipuko alipokuwa akiifanyia majaribio mitungi hiyo. Ni ukumbusho kwamba gesi hii haimchagui mjuzi wala asiyejua.

Uwepo wa asetoni ndio sababu ya kanuni ambayo mafundi wengi huisikia bila kuelezwa maana yake: mtungi wa asetilini usitumike ukiwa umelazwa. Ukilala, asetoni hutiririka kuelekea kwenye vali, na gesi inapofunguliwa huvutwa pamoja nayo. Hapo huharibu kiwambo cha geji na mipira, na kule ndani ya mtungi huacha asetilini bila kimiminika cha kuituliza. Mtungi uliosafirishwa ukiwa umelala husimamishwa kwanza na kuachwa utulie kwa angalau saa moja kabla ya kufunguliwa, na zaidi ya hapo kama ulilala kwa muda mrefu.

Kuivuta gesi kwa pupa nako kuna athari hiyo hiyo. Kanuni inayotumika sana ni kutokuchota zaidi ya sehemu moja ya kumi ya ujazo wa mtungi kwa saa moja. Fundi anayefunga tochi kubwa ya kupashia chuma kwenye mtungi mmoja mdogo anaweza kuivuka kanuni hiyo bila kujua.

Suala la usafirishaji linastahili kutazamwa kwa macho makali zaidi, kwa maana hapo ndipo umma unapokutana na hatari uso kwa uso. Mitungi huonekana juu ya mikokoteni, ndani ya bajaji, na hata imefungwa kwa kamba ya katani nyuma ya pikipiki, huku geji ikiwa bado imefungwa juu yake.

Sehemu dhaifu kuliko zote katika mtungi ni shingo ya vali. Mtungi wa oksijeni ukianguka na vali ikavunjika, gesi hutoka kwa nguvu inayoweza kuurusha mtungi wenye uzito wa kilo sabini kama fataki, ukitoboa kuta na chochote kilicho mbele yake. Kofia ya chuma inayofunika vali ilibuniwa kwa ajili hiyo tu. Katika karakana nyingi kofia hizo hazionekani. Zimegeuzwa vikopo vya kuwekea misumari. Ni uzembe wa bei ndogo wenye gharama kubwa.

Hivyo basi, kabla ya mtungi kusogezwa, vali hufungwa, geji hufunguliwa na kuondolewa, na kofia hurudishwa. Ukifika kazini, husimamishwa na kufungwa kwa mnyororo kwenye ukuta, nguzo au kitoroli chake. Kamba ya plastiki haitoshi, kwani cheche moja ya kukatia chuma huiyeyusha. Mtungi haubingirishwi chini kama gogo, hauinuliwi kwa kushika vali, wala hautumiki kama fuawe la kunyooshea bati, mambo ambayo yote yanaonekana mchana kweupe.

Baada ya mtungi ni geji. Wengi huiona kama saa ya ukutani yenye mishale, ya kuonyesha kama gesi imebaki au imekwisha. Kazi yake kubwa ni nyingine. Ndani yake mna kiwambo chembamba, springi na vali ndogo, ambavyo kwa pamoja hushusha shinikizo kubwa la mtungi hadi kiwango kidogo ambacho mipira na tochi vinaweza kuhimili. Uso mmoja huonyesha shinikizo lililomo mtungini, na wa pili huonyesha linalokwenda kwenye kazi. Skrubu iliyo mbele ndiyo inayobana springi na kuamua kiasi kinachopita.

Kwa upande wa asetilini, uso wa pili huwa na alama nyekundu kuanzia karibu bar 1, yaani pauni 15 kwa inchi ya mraba. Alama hiyo si pambo. Kupita hapo ni kuingia katika eneo ambalo gesi hiyo haiaminiki tena.

Adui mkubwa wa geji ya oksijeni ni kitu ambacho mafundi hukihesabu kuwa rafiki, nacho ni mafuta. Nati ikiwa ngumu, mazoea ya karakana ni kuipaka grisi kidogo. Kwa injini hilo ni tendo la busara. Kwa oksijeni ni balaa. Oksijeni yenyewe haiungui, ila huvifanya vitu vingine viungue kwa ukali usio wa kawaida, na mafuta yakikutana nayo chini ya shinikizo kubwa huweza kuwaka bila cheche wala kiberiti. Ndiyo maana geji nyingi za oksijeni zina picha ya kikopo cha mafuta kilichopigwa mstari.

Tatizo ni kwamba katika gereji nyingi fundi anayechomelea ndiye huyo huyo aliyekuwa akifungua injini dakika tano zilizopita. Mikono yake ina mafuta, spana yake ina mafuta, na kitambaa anachofutia jasho nacho kina mafuta. Spana ya mitungi inapaswa kuwa ya mitungi tu, ikining'inia hapo hapo, na mikono ioshwe kwanza kwa sabuni.

Jambo linalokwenda sambamba na hilo ni namna ya kufungua vali. Ikifunguliwa ghafla, gesi huingia kwenye geji kwa kishindo na kuibana hewa iliyokuwemo. Hewa inayobanwa ghafla hupata joto, kama anavyojua kila aliyewahi kushika pampu ya baiskeli baada ya kujaza tairi. Ndani ya geji ya oksijeni, joto hilo linatosha kuwasha chembe ya grisi au vumbi, na moto ukishaanza humo, hata shaba nyeupe ya geji huungua.

Utaratibu salama si mrefu. Kabla ya kufunga geji, vali ya mtungi hufunguliwa kidogo na kufungwa papo hapo ili upepo upeperushe vumbi lililoingia mdomoni. Kwa asetilini, hilo hufanyika mbali na moto wowote. Geji hufungwa kwa spana yenye kipimo sahihi, bila kukaza kwa kunyonga na bila kuzungushia utepe mweupe wa mabomba ya maji. Skrubu ya mbele hulegezwa hadi izunguke bure. Ndipo fundi husimama upande, si mbele wala nyuma ya geji, na kufungua vali polepole mpaka mshale utulie.

Vali ya asetilini haifunguliwi zaidi ya mzunguko mmoja na nusu, na funguo yake huachwa juu yake muda wote wa kazi. Funguo iliyo mfukoni mwa fundi aliyekwenda kunywa chai haimsaidii mtu moto unapozuka.

Geji iliyochoka hutoa dalili, ingawa huhitaji macho ya kuzisoma. Mshale usiorudi sifuri baada ya gesi kuondolewa unasema uongo hata unapopanda. Kioo kilichopasuka huingiza vumbi na unyevu.

Dalili mbaya kuliko zote ni mshale wa upande wa kazi unaopanda wenyewe pole pole baada ya tochi kufungwa. Maana yake ni kwamba vali ndogo ya ndani haizibi tena, na shinikizo la mtungi linanyemelea kwenda kwenye mipira ambayo haikutengenezwa kulibeba. Geji ya namna hiyo huondolewa kazini siku hiyo hiyo. Kuifungua juu ya meza na kuitia springi iliyotolewa katika kifaa kingine ni ufundi ambao si wa kusifiwa.

Watengenezaji wengi hupendekeza geji ibadilishwe au ikarabatiwe kiwandani kila baada ya miaka 5 hivi. Kwa fundi mdogo hiyo ni gharama ya kweli, na hakuna haja ya kujifanya kwamba sivyo. Hata hivyo, anayenunua mpya anaweza angalau kutazama kama imegongwa namba ya kiwango cha kimataifa, ISO 2503, pamoja na herufi ya gesi yake: O kwa oksijeni, A kwa asetilini. Geji ya gesi moja haihamishiwi kwenye gesi nyingine, hata kama inaingia kwa kulazimishwa. Nati za asetilini hukazwa kwa kuzungushwa kushoto na zile za oksijeni kulia, makusudi kabisa, ili mkono uliosahau uzuiwe na chuma.

Rangi nazo zimewekwa kwa sababu hiyo. Katika utaratibu wa Kiingereza uliozoeleka Afrika Mashariki, mtungi wa asetilini ni wa rangi ya damu ya mzee na wa oksijeni ya viwandani ni mweusi, huku mpira wa asetilini ukiwa mwekundu na wa oksijeni wa bluu. Lakini rangi hubabuka na mitungi hupakwa upya, kwa hiyo maandishi ndiyo ya kuaminiwa.

Mipira huchakaa kwa jua, kwa cheche na kwa kukanyagwa na magari. Ikikunjwa na kuonyesha nyufa, muda wake umekwisha. Mafundi wengi hukata sehemu iliyotoboka na kuunganisha kwa kipande cha bomba la shaba nyekundu kinachopatikana kirahisi kwa mafundi wa majokofu. Kwa mpira wa asetilini hilo ni kosa la hatari kubwa. Gesi hiyo ikikaa na shaba nyekundu hutengeneza kemikali inayoweza kulipuka kwa kuguswa au kutikiswa tu. Kiungo hutakiwa kuwa kile kilichotengenezwa kwa kazi hiyo na kubanwa kwa klipu, si kwa waya.

Kuvuja hutafutwa kwa povu la sabuni isiyo na mafuta, kamwe si kwa njiti ya kiberiti. Asetilini ya viwandani ina harufu inayokaribia ya kitunguu saumu, na huweza kuwaka hata ikiwa ni asilimia 2.5 tu ya hewa ya chumba. Oksijeni haina harufu, na kuvuja kwake katika chumba kisicho na madirisha hulowesha nguo za fundi kwa gesi, kiasi kwamba cheche ndogo huziteketeza mwilini. Kujipulizia oksijeni ili kupata ubaridi au kupukuta vumbi la nguo, kama wafanyavyo vijana katika joto la Dar es Salaam, ni mchezo usiofaa kuvumiliwa.

Kuna kifaa kimoja kidogo ambacho kingestahili kuwa cha lazima kila mahali, nacho ni kizuia moto. Hufungwa kati ya geji na mpira, kimoja kwa kila gesi. Iwapo moto utageuka kutoka kwenye tochi na kurudi ndani ya mpira, jambo ambalo fundi hulitambua kwa mlio wa kupasuka unaofuatwa na mluzi mkali, kifaa hicho huuzima kabla haujafika mtungini. Bila hicho, kinachobaki ni kasi ya mkono: kufunga oksijeni kwenye tochi, kisha asetilini, kisha vali za mitungi yote miwili.

Jioni, kazi ikiisha, kufunga tochi pekee hakutoshi. Vali za mitungi hufungwa, gesi iliyobaki katika mipira hutolewa, upande mmoja baada ya mwingine, hadi mishale irudi sifuri, na skrubu za geji hulegezwa. Springi inayoachwa imebanwa usiku kucha hupoteza nguvu na kukiumiza kiwambo. Mtungi unaoelekea kuisha hufungwa ukiwa bado na shinikizo kidogo, ili hewa na unyevu visiingie.

Kuhusu ghala, kanuni za Marekani hutaka oksijeni itengwe na gesi inayowaka kwa futi 20, sawa na mita 6, au kwa ukuta wa urefu wa futi 5 unaohimili moto kwa nusu saa. Katika kibanda cha mabati chenye upana wa mita tatu kanuni hiyo haitekelezeki kwa umbali, lakini ukuta mfupi wa matofali kati ya mitungi ya akiba unawezekana. Karakana zinazotumia gesi ya kupikia badala ya asetilini zinapaswa kukumbuka kuwa gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hutuama sakafuni na kutambaa hadi kwenye jiko la jirani.

Sheria zipo. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Namba 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na wakala wa OSHA, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2007. Lakini ni vigumu mkaguzi kufika katika kila kibanda kilichoko uchochoroni, na mwenye mpira uliofungwa waya hujulikana zaidi na majirani zake kuliko na serikali.

Na pindi moto unapotokea, aina ya mtungi huamua la kufanya. Mwali mdogo kwenye kiungo cha geji unaweza kumalizwa kwa kufunga vali, iwapo inafikika bila kuungua. Lakini mtungi wa asetilini uliopashwa joto na moto, au ulioingiwa na mwali, ni jambo jingine, kwa kuwa gesi inaweza kuendelea kujivunja ndani kwa ndani hata baada ya moto wa nje kuzimika. Kwa miaka mingi vikosi vya zimamoto vya Uingereza vilikuwa vikitenga eneo la hadi mita 200 kuzunguka mtungi wa aina hiyo, kwa muda wa saa 24.

Mtungi huo haukokotwi kupelekwa nje, haufunguliwi vali, wala hausogelewi na watazamaji. Watu huondolewa na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji huitwa, ambalo kwa Tanzania hupatikana kwa namba 114. Wazimamoto huumwagia maji kutoka mbali, kisha husimamisha maji na kuutazama: ukitoa mvuke au ukikauka haraka, bado ni moto ndani, na maji hufunguliwa tena.